Supu Juu ya Ugali wa Bosko

Harufu ilinipata kabla sijavuka mlango. Ni duka dogo la chakula cha wanyama kule Kilimani, chini ya jengo la fleti, kati ya saluni na mahali wanapouza kahawa. Mwenye duka huacha gunia moja wazi karibu na kaunta ili wateja wapimiwe kwa kilo. Hiyo harufu ni ya mahindi yaliyopitishwa motoni, ya unga wa mifupa, na ya kitu cha tatu kilichojificha chini yake, kama stoo iliyofungwa wakati wa mvua. Nilisimama pale na mkoba wangu kifuani, nikawa na miaka tisa tena, niko Mutuini, nimepiga magoti mbele ya sufuria nyeusi.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu alikuwa ameniachia fleti yake na mbwa wake, Moka, kwa wiki mbili. Yeye alipata kazi na kazi ikampeleka Kisumu. Mimi bado natuma barua za maombi, kwa hiyo muda ninao. Chakula alichoacha kiliisha siku ya tano, na aina ile haikuwa dukani. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekaa humo ndani karibu saa nzima nikisoma kila mfuko, mbele na nyuma, mpaka msichana wa kaunta akaniletea kiti. Nilichagua, nikarudi, nikamimina. Moka alinusa, akaenda kulala chini ya meza. Basi nikawa nimerudi tena dukani, na swali lile lile: ale nini?

"Amekataa?" msichana aliniuliza.

Nikamwambia amekataa.

"Muache tu, madam. Njaa itamfunza."

Alisema kwa upole, huku akipanga mikebe. Hakujua kwamba sentensi hiyo niliwahi kuisikia, neno kwa neno, kutoka kwa mtu ninayempenda kuliko wote duniani.

Shosho, mama yake Mama, ndiye aliyetulea pale Mutuini, pembezoni mwa jiji. Mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kufanya usafi katika ofisi za mjini na kurudi giza likiingia, kwa hiyo mchana wangu wote ulikuwa wa Shosho, na wa kuku, na wa Bosko. Siku hizo nyumba za kukodisha zilikuwa hazijalizunguka shamba letu kama sasa. Kulikuwa na safu za nepia, yale majani ya kulishia ng'ombe, miparachichi mitatu, na ghala la mbao lililoinuliwa juu ya mawe, na chini ya ghala hilo ndiko Bosko alikofungwa mchana. Alikuwa mbwa wa rangi ya chai iliyozidi maziwa, sikio moja limechanika. Aliletwa na Anko Kariuki, mdogo wake Mama, akiwa ndani ya jaketi lake. Anko alifanya kazi katika kichinjio kimoja huko Dagoretti, na jaketi hilo lilinuka damu hata baada ya kufuliwa. Mara chache, mambo yakimwendea vizuri, Anko alituletea mifupa ndani ya mfuko wa plastiki. Shosho aliichemsha kwa ajili yetu, na ikishakuwa myeupe kama chaki, Bosko alipewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake. Siku nyingine zote alikula ugali wa mbwa. Sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza Bosko ale nini. Kwetu mbwa hakuchaguliwa chakula. Tulichagua chetu, na kilichobaki kikawa chake.

Na kuchagua ilikuwa kazi yangu. Kila Jumamosi Shosho alimwaga mahindi juu ya ungo, nikakaa mlangoni penye mwanga na mikebe miwili ya gorogoro, ile ya kupimia nafaka. Punje nzuri zilienda mkebe wa kulia. Zilizooza, zilizoingia weusi, zile za kijani kibichi kama ukungu wa mkate, na zile zenye doa hafifu la rangi ya waridi ambazo ukizitazama haraka unadhani ni nzima, hizo zilienda kushoto. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi tangu zamani. Nilirudia ungo mara mbili, mara tatu. Niligeuza punje moja moja nione mgongo wake. Watoto wengine walipigiwa kelele kwa kuharakisha. Mimi Shosho alinisifu mbele ya Mama.

"Huyu ako na macho ya kuku," alisema. "Punje haiwezi kumpita."

Sifa ile niliibeba shuleni na kanisani. Sikuwa mwepesi wa kukimbia, sikujua kuimba, lakini nilikuwa na macho ya kuku. Ugali wetu ulikuwa mweupe kuliko wa majirani wote, na uji wetu haukuwa na uchungu. Mkebe wa kulia tuliupeleka kwenye kisiagi pale barabarani, na wa kushoto pia, lakini mwenye kisiagi alisaga huo wa kushoto mwisho kabisa, ili usichafue wa watu. Unga wake ulitoka wa kijivujivu. Ulipikwa katika sufuria nyeusi, kwa mwiko wake, nje, juu ya mawe matatu. Shosho alikuwa mtu wa kuonja. Alionja githeri, alionja chai, alionja hata maji ya mtungi kabla ya kumpa mgeni. Mwiko wa sufuria nyeusi sikuwahi kumwona akiuonja.

Mwaka ninaoukumbuka, mvua ilikuja mahindi yakiwa bado shambani, yamekauka nusu. Tuliyavuna yakiwa yamelowa na kuyaanika sebuleni juu ya magunia, kwa kuwa nje hapakuwa na jua. Tuliruka juu yake kwenda kulala. Nyumba nzima ilinuka. Ile harufu ya tatu niliyoikuta Kilimani, ndiyo hiyo. Yalipopukuchuliwa, mkebe wangu wa kushoto ulijaa kabla ya wa kulia, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Shosho alisikitika kwa ajili yetu, akasema mwaka huu tutanunua unga dukani mapema. Kisha akautazama ule mkebe wa kushoto akasema, heri Bosko, yeye ana akiba.

Nami nilifurahi. Nilidhani Bosko amepata bahati.

Siku chache baada ya unga huo mpya, Bosko alianza kukataa ugali. Alikuwa akinusa, anarudi nyuma mpaka mnyororo unanyooka, analala akitupa mgongo. Siku ya kwanza kuku ndio walioudonoa. Siku ya pili Shosho alisimama na mikono kiunoni.

"Hii mbwa imeanza maringo," alisema.

Anko Kariuki alikuwa amekuja kutusalimu, yuko kwenye kigoda anapiga chai. Alicheka mpaka akakohoa. "Si ni nyinyi mlimzoesha mifupa? Sasa anangoja nyama choma na kachumbari."

"Aki mbwa anaturudishia ugali," Shosho alisema. "Muache. Njaa itamfunza."

Lakini siku ya nne njaa ilikuwa bado haijamfunza, na Anko akaja na shauri. Kule kazini walitaka mbwa mkubwa wa kulinda geti. Angemchukua Bosko Jumamosi, atuletee mtoto wa mbwa mwingine, asiye na maringo. Shosho aliona ni sawa. Mbwa asiyekula hawezi kubweka, alisema, na asiyebweka ni wa nini?

Hakuna aliyekuwa mkatili katika mazungumzo hayo. Nimeyarudia kichwani maelfu ya mara nikitafuta mkatili, simpati. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kufika kichinjioni na Anko. Niliwaona makorongo wakubwa wenye shingo za upara wamesimama juu ya mabati kama wazee wa kesi, na mbwa waliokuwa wakigombania kitu kwenye mtaro, wote mbavu. Usiku huo nilimwona Bosko kati yao na sikio lake moja. Nilikuwa na siku mbili za kumfanya ale.

Jinsi akili yangu ilivyofanya kazi ni hivi, na bado ndivyo inavyofanya kazi: nilikaa chini nikapanga. Kama kosa ni maringo, na maringo yametoka kwenye mifupa, basi dawa iko kwenye mifupa. Siku ya Ijumaa Shosho alikuwa na sufuria ya supu jikoni. Alipoenda kukata nepia, nilichota kikombe kimoja cha bati, nikakificha chini ya sweta, kikaniunguza tumbo, nikapita nyuma ya ghala. Nilimimina supu juu ya ule ugali wa kijivu, nikauponda kwa kijiti mpaka mafuta yakaingia kote. Harufu ya unga ilipotea kabisa. Hata mimi sikuisikia tena.

Bosko alinusa. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akanitazama mimi, si sufuria.

"Kula," nilimwambia. "Kula, Bosko, watakupeleka."

Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa, akala. Alikula polepole, akisimama kila mara kuinua macho. Nilidhani ananishukuru.

Jioni Shosho aliikuta sufuria tupu. "Mmeona?" alisema, akifurahi kweli. "Njaa ni mwalimu." Jumamosi Anko alipokuja na kamba, alimkuta Bosko ameshiba, akarudi bila yeye. Nililala kama mtu aliyeokoa dunia.

Kuanzia hapo kikawa kitendo cha kila siku. Supu ikiisha, nilitumia maji ya maharagwe, au mafuta ya kukaangia yaliyobaki, chochote chenye harufu. Kila siku alirudi nyuma hatua moja, kila siku alinitazama, kila siku nilimwambia kula. Ilifika mahali sikuhitaji kusema. Niliweka tu kiganja changu pembeni ya sufuria, naye akaja. Hivyo ndivyo alivyonipenda. Sijui njia nyingine ya kuieleza.

Baada ya majuma mawili hivi, macho yake yalibadilika. Sehemu nyeupe ikawa ya njano, kwanza kidogo, kisha ya njano kabisa. Nilimwambia rafiki yangu shuleni kwamba mbwa wetu ana macho ya dhahabu. Nilidhani ni nguvu za supu. Niliinua mdomo wake nikaona hata ufizi umekuwa wa dhahabu, nikamkumbatia. Alikuwa mwepesi, lakini hilo niliona ni kwa sababu mimi nimekua.

Kisha akaanza kutapika. Alikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Shosho alimpa maziwa ya ng'ombe na makaa yaliyopondwa, kwa maana alijua mara moja ni sumu: wezi, alisema, wametupia mbwa dawa ili waje. Huo ulikuwa ujuzi wa kila nyumba upande ule. Anko alinunua kufuli kubwa la geti. Mama aliambiwa asirudi peke yake kutoka stejini, kituo cha matatu. Watu wazima wote walitazama nje, kwenye ua na barabara, wakimngoja mwizi.

Mimi sikuamini habari za mwizi. Nilijua mwizi ni nani. Nilikuwa nimeiba supu, na nilimkumbuka Anko akisema kwamba mbwa akizoea utamu wa kichinjio, moyo wake hautulii tena. Niliamini Bosko anakufa kwa tamaa niliyomtia mimi. Sikumwambia mtu. Niliacha kumpa supu ili apone, nikamwekea ugali mkavu, naye safari hiyo hakusogea hata kunusa. Aliniangalia tu, macho yake ya dhahabu yamezama.

Alikufa Jumapili tukiwa kanisani. Tulimkuta chini ya ghala, mnyororo umelegea. Anko alichimba shimo kwenye mstari wa nepia, na Shosho, ambaye hakuwahi kumgusa Bosko kwa mkono mtupu, alimfunika kwa gunia lile tuliloanikia mahindi. Akaniambia, "Usilie hivyo, mami. Ni mbwa. Tutaleta mwingine." Tukaleta mwingine. Mwizi hakuja.

Niliishi na supu ile miaka mingi. Nilikuwa mtu asiyempa mtu mwingine kitu bila kuuliza mara tatu kama kina madhara. Watu wanadhani ni adabu.

Chuo kikuu nilisomea sayansi ya chakula. Katika mhadhara mmoja wa mwaka wa pili, asubuhi ya kawaida, nusu ya darasa wanasinzia, mwalimu alionyesha ukutani picha ya punje za mahindi. Nyeusi, kijani, na zile zenye doa la waridi. Nilizijua kama mtu anavyojua sura za binamu zake. Mwalimu alikuwa akieleza kuhusu sumukuvu, sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka iliyolowa; kwamba haiondoki kwa kupikwa; kwamba inaua ini. Akasema, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba mara nyingi mbwa ndio hutangulia, kwa kuwa katika nyumba nyingi punje zilizotupwa ndizo chakula chao. Mbwa hukataa kula kwanza. Kisha macho na fizi hugeuka njano.

Niliandika hayo yote kwenye daftari. Mwandiko wangu ukurasa ule ni mzuri kabisa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka vipindi vya asubuhi vikaisha.

Miaka yote nilikuwa nimejilaumu kwa kitu kisicho na hatia. Supu haikumuua. Lakini ukweli haukunipa nafuu, ulinifungulia mlango wa chumba cha ndani. Bosko alijua. Hakuwa na maringo. Alinusa alichokuwa anapewa, akasema hapana kwa njia pekee aliyokuwa nayo, akarudi nyuma mpaka mnyororo ukaisha. Angeenda Dagoretti Jumamosi ile. Angelinda geti na kula matumbo pamoja na wale mbwa wa mtaroni, na pengine angezeeka. Mimi ndiye niliyeificha harufu. Na kabla ya hapo, mimi ndiye niliyeketi mlangoni na macho yangu ya kuku, nikikusanya mbovu zote mahali pamoja bila kuacha moja nzuri katikati yake. Mtoto mvivu angechanganya. Mtoto mvivu angempunguzia sumu.

Mwisho wa muhula huo nilienda Mutuini kumwambia Shosho. Sijui nilitaka nini, labda anichape. Nilimkuta mlangoni, kwenye mwanga, na ungo. Siku hizi macho yake ni mabaya, anachagua kwa vidole. Mkebe wa kulia, mkebe wa kushoto. Chini ya ghala kulikuwa na mbwa mwingine, mweusi, ambaye jina lake sikuuliza.

Nilimweleza polepole, kwa maneno mepesi. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipofika kwenye macho ya njano, vidole vyake vilisimama.

"Hata mbwa wa mama yangu walikula hizo," alisema.

Nikasema najua.

Aliviringisha punje moja kati ya vidole. Kisha akauliza, taratibu, "Na kuku je? Na yale mayai?"

Sikuwa nimefikiria mayai. Mimi ninayefikiria kila kitu. Tulitazamana, na niliona akihesabu nyuma, watoto aliowalea, waliokua na wasiokua, na nikatamani niyarudishe maneno yangu mdomoni. Alichukua mkebe wa kushoto kwa mikono miwili, akaenda akaumwaga kwenye shimo la choo. Alirudi akaketi, akashika ungo, hakuchagua.

Nilipomtembelea tena baada ya miezi kadhaa, mkebe ulikuwa mahali pake, umejaa nusu. Shosho aliwahi kulala njaa akiwa mtoto, njaa ya kweli. Huwezi kumwambia mtu kama huyo amwage mahindi kila wiki. Nilimsaidia kuchagua, na vidole vyangu vilifanya kazi ile ile, kwa uangalifu ule ule.

Msichana wa duka la Kilimani aliniuzia mfuko wa pili, mdogo. Alisema huo ndio wanaochukua sana. Nilitembea nao mpaka kwenye fleti, nikapanda ngazi kwa kuwa lifti hunipa wasiwasi, nikafungua, nikanusa. Mahindi, mifupa, na chini yake sikuweza kusema kama kuna kitu au ni kumbukumbu yangu. Nilichukua kipande kimoja nikakitafuna, nimesimama jikoni kwa mtu mwingine. Kilikuwa kikavu, na chumvi kidogo. Hakikuniambia lolote.

Nilimimina kwenye bakuli, nikaliweka sakafuni, nikarudi nyuma mpaka ukutani, mikono nyuma ya mgongo ili isimwite. Moka alikuja. Alinusa bakuli upande mmoja, kisha upande wa pili. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaliacha bakuli, akainua macho, akanitazama mimi.

Sikumwambia kula.